Kutoka Lamboni Hadi Kikombeni: Mwongozo Kamili wa Kupima na Kusafisha Maji ya Kunywa Nyumbani, Kaskazini mwa Ghana

Anayetaka kujua usalama wa maji ya nyumba fulani achukue sampuli mbili siku ileile: moja pale maji yanapotekwa, nyingine kwenye kikombe ambacho mgeni angepewa. Wengi hupima ile ya kwanza tu, na hapo ndipo wanapodanganyika. Kisima kirefu chenye pampu kinaweza kutoa maji yasiyo na hata bakteria mmoja wa kinyesi katika mililita 100, na maji hayohayo yakafika kikombeni jioni yakiwa na mamia.

Maelezo haya yamelenga Tamale na vijiji vinavyouzunguka mji huo, upande wa Tolon, Kumbungu na Savelugu. Msomaji wa Dodoma au Shinyanga atajikuta nyumbani, maana huku nako kuna msimu mmoja wa mvua, malambo ya kunywa na mifugo pamoja, na shabu ya kutuliza tope.

Maji yenyewe

Mjini Tamale maji ya bomba husafishwa katika mtambo wa Dalun, yakivutwa kutoka mto Volta Nyeupe pale Nawuni. Shida ni mgao. Bomba likikaa siku kadhaa bila maji linakosa msukumo, na kila mpasuko unageuka mdomo wa kufyonza maji ya mtaroni. Maji yanaporudi, ya dakika chache za mwanzo yaende kwenye kufua na kudeki. Yasiingie kwenye pipa la kunywa.

Vijijini ni habari nyingine. Miamba ya Bonde la Volta huku ni mawe ya mchanga na ya udongo yaliyoshikamana sana, hayatunzi maji mengi, na visima vingi vinavyochimbwa kwa mashine hutoka vikavu. Ndiyo maana lambo limebaki. Mvua huanza Mei hivi na kukoma Oktoba. Baada ya hapo ni kiangazi na harmatani, ule upepo wa vumbi kutoka Sahara. Lambo la Novemba limejaa. La Machi ni dimbwi la rangi ya chai ya maziwa, ambamo ng'ombe, mbuzi na wachota maji wanaingia kwa zamu. Usidhani lakini kwamba Machi ndio mwezi mbaya kuliko yote. Mara nyingi hatari kubwa huja na mvua za kwanza, pale kinyesi cha miezi sita kilichotapakaa maporini kinapooshwa kwa mpigo mmoja na kuingia lamboni. Kama una fedha ya kupima mara mbili tu kwa mwaka, pima mwisho wa kiangazi na wiki ya pili ya mvua.

Malambo haya yaliwahi kuwa ngome ya minyoo ya Guinea. Mwaka 1989 Ghana ilihesabu wagonjwa karibu 180,000. Wa mwisho walionekana 2010, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) likathibitisha kuwa nchi imeutokomeza ugonjwa huo. Silaha mojawapo kubwa ilikuwa kitambaa cha kuchujia, chenye matundu madogo ya kuwazuia viroboto-maji wanaobeba viluwiluwi vya mnyoo. Bakteria wa kuhara ni wadogo mara mia na zaidi kuliko viroboto-maji. Wanapita kwenye kitambaa hicho kama mchele kwenye wavu wa samaki.

Kagua kwa macho kwanza

Ukaguzi hauna gharama, na mara nyingi unakueleza sababu ambayo kipimo hakitakueleza. Kwenye kisima cha pampu tazama haya: je, kuna choo ndani ya mita 10? (Umbali unaopendekezwa kwa kawaida ni mita 30, na zaidi kama choo kiko upande wa juu wa mteremko.) Sakafu ya zege ina nyufa? Shika shingo ya pampu uitikise: ikicheza, maji yaliyomwagika yanarudi kisimani kupitia pembeni. Mfereji wa kutolea maji umeziba hadi dimbwi limesimama? Ua upo, au mbuzi wanalala pale?

Kisha fuata chombo kutoka chanzo hadi nyumbani, kwa mguu, pamoja na mwenye nacho. Hapa ndipo kuna mengi. Beseni la aluminiamu la kubeba kichwani liko wazi juu. Ili maji yasiruke njiani, mama huweka kibuyu kilichokatwa, au tawi la majani, juu ya maji. Angalia kile kibuyu kilikuwa wapi kabla: mara nyingi kilikuwa chini, kando ya lambo, kimelala kwenye udongo uleule wenye samadi. Nyumbani maji humiminwa kwenye mtungi mkubwa wa udongo juu ya masalia ya jana. Omba maji ya kunywa, kisha nyamaza utazame. Kibuyu kinazama mtungini, na vidole vinne vya mchotaji vinazama nacho.

Madumu ya njano ya mafuta ya kupikia, ambayo Ghana huyaita kwa jina la rais wa zamani Kufuor kwa sababu ya foleni za maji za enzi zake, yana shingo nyembamba, kwa hiyo mkono hauingii. Hilo ni jema. Ubaya wake ni huohuo: mkono hauingii kusugua. Ingiza kidole mdomoni mwa dumu. Ukihisi utelezi, kuna utando wa vijidudu ukutani, na kila maji mapya yatachafuka hata yakitoka bombani safi.

Kuchukua sampuli na kupima

Tumia chupa zilizotakaswa, zenye ujazo wa zaidi ya mililita 100. Kama maji yana klorini, chupa iwe na kidonge au unga wa thiosalfeti ndani yake. Bila huo klorini itaendelea kuua bakteria njiani na utapata jibu zuri la uongo.

1. Kwenye pampu au bomba: futa mdomo wa bomba, uchome kwa kiberiti cha gesi kama ni wa chuma, acha maji yatiririke dakika moja au mbili, ndipo ujaze. Usisuuze chupa.
2. Lamboni: shika chupa kwa chini, izamishe mdomo ukitazama chini kiasi cha kiganja kimoja, kisha igeuze ielekee mbele. Usichote utando wa juu wala tope la chini.
3. Nyumbani: mwenye nyumba ndiye achote, kwa chombo chake, kama afanyavyo kila siku. Usimsaidie, usimwoshee kikombe.
4. Andika saa, jina la chanzo, aina ya chombo, na muda tangu maji yatekwe. Weka chupa kwenye boksi lenye barafu, na uanze kupima ndani ya saa 6. Saa 24 ndio mwisho kabisa.

Kwa kijiji kisicho na maabara kuna njia mbili zinazofaa. Chupa za kipimo cha salfidi ya hidrojeni ni rahisi: jaza maji hadi alama, weka mahali pa joto, na zikigeuka nyeusi ndani ya saa 24 hadi 48 kuna dalili ya uchafu wa kinyesi. Hazisemi ni kiasi gani, na maji ya kisima kirefu yenye harufu ya mayai viza yenyewe yanaweza kuzifanya nyeusi bila kosa la mtu. Ya pili ni mfuko wenye vyumba vitano, unaopima E. koli, bakteria wa kinyesi, katika mililita 100. Kwenye nyuzijoto 35 na zaidi unasomeka baada ya saa 20 hadi 24. Kukiwa na 25 hadi 30, subiri saa 40 hadi 48. Usiku wa harmatani Tamale hupoa kuliko wageni wanavyotarajia, hivyo uweke mfuko kwenye boksi lenye chupa ya maji ya uvuguvugu. Baridi ikiwazuia bakteria kukua, mfuko utasoma "safi" na si kweli.

Majibu ya mfuko, yaani idadi ya E. koli katika mililita 100, huyasoma hivi: chini ya 1 ni sawa na lengo la WHO, 1 hadi 10 ni hatari ndogo, 11 hadi 100 ni hatari kubwa, zaidi ya 100, acha kunywa bila kusafisha. Katika kila seti weka chupa moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Ikionyesha uchafu, mikono au vifaa vyako ndivyo vichafu, na majibu yote ya siku hiyo hayafai. Ukimaliza, mimina kijiko cha jiki ndani ya kila chupa na uiache nusu saa kabla ya kumwaga: umekuza vijidudu kwa mamilioni humo.

Toa tope kabla ya kuua vijidudu

Klorini ikiingia kwenye maji ya tope inaishia kwenye tope. Hii ndiyo sababu kubwa ya watu kusema "dawa haifanyi kazi". Ujue kwanza tope ni kiasi gani: jaza chupa angavu ya lita 2, isimamishe juu ya kichwa cha habari cha gazeti, tazama kutoka mdomoni. Usiposoma herufi kubwa, tope limezidi, na hatua hii ni ya lazima.

Sokoni Tamale shabu huuzwa kwa mabonge. Desturi ni kulizungusha bonge majini kwa mkono hadi mtu aone imetosha. Linafanya kazi, lakini kipimo ni cha kubahatisha, mkono umo majini, na shabu ikizidi maji huwa makali mdomoni na tope linakataa kutulia vizuri. Afadhali kupima mara moja kwa kila msimu:

Ponda shabu, pima gramu 10, uyeyushe katika lita 1 ya maji safi. Sasa kila mililita 1 ya mchanganyiko huu, ikiingia kwenye lita 1 ya maji, inatoa miligramu 10. Panga chupa tano za lita moja zenye maji ya lambo. Kwa bomba la sindano tia mililita 2, 4, 6, 8 na 10. Koroga kwa nguvu dakika 1, kisha polepole dakika 10. Utaona vipande kama maziwa yaliyoganda vinajikusanya. Acha bila kugusa dakika 30 hadi saa 1. Chagua kipimo kidogo kabisa kilichotoa maji angavu. Kama ni chupa ya mililita 4, basi ndoo ya lita 20 inataka mililita 80. Chora mstari kwenye kikombe cha plastiki na umwachie mama mwenye nyumba. Hahitaji hesabu tena mpaka mvua ibadili rangi ya lambo.

Vipande vikigoma kujikusanya katika chupa zote, huenda maji hayana chumvichumvi ya kutosha kupambana na ukali wa shabu. Chembe ya magadi ya kupikia kwa ndoo husaidia. Ukikoroga kwa nguvu muda wote, unavipasua vipande vilevile unavyovitafuta. Maji angavu yachukuliwe kwa juu, yapitishwe kwenye kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne, na mashapo yamwagwe shimoni, mbali na chanzo. Shabu inashusha vijidudu vingi pamoja na tope, haiviui, kwa hiyo mashapo yale ni machafu kuliko lambo.

Mbegu za mlonge zilizopondwa hutuliza tope vilevile, na mti wenyewe huku haupatikani kwa shida. Ila mbegu huacha mabaki ya chakula majini. Yasilale zaidi ya siku moja, yatanuka.

Klorini

Tengeneza mchanganyiko wa asilimia 1: gramu 15 za unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70, katika lita 1 ya maji angavu. Unga ndio uingie majini, kamwe usimimine maji juu ya unga. Fanyia nje, mbali na sabuni za asidi na mafuta. Acha chokaa nyeupe ijikalie chini, mimina ya juu kwenye chupa isiyopitisha mwanga, andika tarehe. Baada ya wiki mbili tengeneza mpya.

Kwa ndoo ya lita 20 ya maji angavu tia mililita 4, sawa na miligramu 2 kwa lita. Kwa maji ambayo bado yana ukungu kidogo, mililita 8. Kama unatumia jiki ya asilimia 5, isiyo na manukato wala sabuni, basi ni mililita 0.8 au 1.6, hapa bomba la sindano si anasa. Koroga, funika, subiri dakika 30. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 ni cha lita 20 hizohizo, na faida yake ni kwamba hakipungui nguvu upesi kabatini, wakati jiki iliyokaa juani dukani miezi mitatu huenda imebaki nusu.

Pima kwa kidonge cha DPD namba 1, kile kinachogeuza maji ya waridi. Baada ya nusu saa klorini huru, yaani ile ambayo haijashikwa na uchafu, isizidi miligramu 2 kwa lita, na baada ya saa 24 isipungue 0.2. Ikiisha kabla, ama tope halikutoka, ama dumu lina utelezi. Kuongeza dawa bila kuosha dumu ni kulisha utando. Vile vipimo vinavyotoa rangi ya njano vinahesabu pia klorini iliyokwisha kushikwa na uchafu, kwa hiyo vinaweza kukufariji bure.

Watu wakikataa harufu, miminia maji kati ya ndoo mbili safi mara kadhaa au yaache wazi chini ya kitambaa kwa saa moja kabla ya kunywa. Na ukweli usemwe: klorini haiwezi kriptosporidiamu, kimelea kinachosumbua sana watoto wadogo. Panapo lambo la ng'ombe, kuchuja kwa chungu, si kwa kitambaa, au kuchemsha ndiko kunakokiondoa.

Chungu cha kuchujia

Huko Tamale hutengenezwa vyungu vya udongo uliochanganywa na maganda ya mpunga au unga wa mbao, ambao ukiungua tanuruni huacha vitundu vidogo mno. Kisha hupakwa fedha. Chungu kinakaa ndani ya ndoo yenye koki. Kizuri hutoa lita 1 hadi 3 kwa saa kikiwa kimejaa. Kikitoa zaidi sana ya hapo usishangilie, kina ufa. Kigonge kwa kifundo cha kidole: kizima hulia kama kengele, chenye ufa husikika kama gunzi. Ufa mwingine hauonekani, hivyo chupa moja ya kipimo kwa miezi sita inafaa.

Kipya kijaze na umwage mara tatu, ladha ya udongo itoke. Mwendo ukipungua, sugua ndani kwa brashi na maji safi. Sabuni ni marufuku, inaziba vitundu. Wakati wa kusafisha usiishike sehemu ya nje ya chungu wala kukiweka chini: kilaze juu ya mfuniko uliooshwa, kwa sababu nje ndiko maji yaliyokwisha kuchujwa yanakopita. Maji yatulizwe kwa shabu kwanza, la sivyo utasugua kila siku na kukichosha. Klorini iwekwe kwenye ndoo ya chini baada ya kuchujwa, kamwe si ndani ya chungu, maana huondoa fedha.

Kuchemsha na jua

Yakitokota kwa nguvu yametosha, huna haja ya robo saa. Kuchemsha kunaua vijidudu vya maradhi, ila lita moja hula karibu kilo moja ya kuni, na maji yaliyopoa hayana kinga yoyote dhidi ya kibuyu cha kwanza kitakachozama. Chupa za plastiki angavu za hadi lita 2 zilizolazwa juu ya bati husafika kwa saa 6 za jua, au siku 2 kukiwa na mawingu. Katika vumbi la harmatani, Desemba hadi Februari, hesabu siku 2 hata kama anga halina wingu.

Chombo cha kuhifadhia

Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko na koki inamaliza mjadala wa vidole. Toboa tundu sentimita 4 hadi 5 juu ya kitako, mashapo yasifikie koki, na weka mpira pande zote mbili za ukuta. Kwenye kipande cha tofali ndoo ikae juu kiasi cha kikombe kuingia chini ya koki bila kuinamisha ndoo. Wanaoinamisha ndio hufungua mfuniko na kurudi kwenye kibuyu.

Dumu lenye utelezi: sabuni, konzi mbili za kokoto laini zilizooshwa, maji robo, tikisa dakika tano, suuza. Mchanga mkali usitumie, unachora plastiki na kutengeneza vijumba vya vijidudu. Kisha lita 20 za maji na mililita 100 za mchanganyiko wako wa asilimia 1, nusu saa, mwaga. Rudia kila wiki mbili.

Maji ya mifuko na suala la Wilaya ya Bongo

Maji ya mfuko wa mililita 500, yanayouzwa kwa fungu la mifuko 30, yamekuwa maji ya kunywa ya kawaida mijini Ghana. Usiyafananishe na yale ya kandoro ya Dar es Salaam, kwani haya ya Ghana hufungwa kwa mashine na huhitaji kusajiliwa na mamlaka ya chakula na dawa. Angalia namba ya usajili na tarehe. Lakini mfuko hung'atwa kwa meno, na nje yake umepita mikononi na kwenye toroli la vumbi: uoshe, ama ukate kona kwa mkasi safi.

Wilaya ya Bongo, karibu na mpaka wa Burkina Faso, ina shida isiyosikia dawa yoyote ya hapo juu. Ni floridi ya miamba, ileile inayotia meno rangi ya kahawia Arusha na Meru. Kikomo cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita. Klorini haiigusi, na kuchemsha kunaizidisha kwa kuwa maji hupungua na floridi hubaki. Mkaa wa mifupa huishika, ila unachoka na lazima ubadilishwe kwa kupima. Nyumba yenye bati ikivuna mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia tu, na kutumia kisima kwa mengine, inakuwa imewakinga watoto ambao meno yao ya utu uzima bado yanajijenga. Maji ya mvua ya kwanza yaachwe yaoshe paa.

Kurudia kipimo

Mwezi mmoja baada ya mabadiliko, chukua tena sampuli, safari hii tatu: chanzo, koki ya ndoo, kikombe. Chanzo kichafu, koki safi, kikombe safi: endelea. Koki chafu: chunguza kipimo cha klorini, ufa wa chungu, kisha nyuma ya koki yenyewe, mpira unapokutana na plastiki, ambako utando hupenda kujificha. Koki safi na kikombe kichafu: usiguse dawa. Omba uonyeshwe kitambaa kinachofutia vikombe.